Bunduki Inayopiga Juu

Bunduki ya marisau niliyokabidhiwa karibuni, baada ya taratibu za polisi kukamilika na leseni kuandikwa jina langu, ilinijia ikiwa na malalamiko mengi kuliko sifa. Mwenyewe wa awali, mzee mstaafu wa reli ambaye ni jirani yetu hapa Tabora na ambaye macho yake hayamruhusu tena kushika silaha, alinitajia kasoro zake zote kwa uaminifu wa mtu asiyetaka kulaumiwa baadaye. Ni nzito. Ni ndefu mno kwa mtu anayepita katikati ya miombo. Ukimpiga kanga kwa karibu, hubaki na nyama ya kutia chunguni bali na manyoya na mifupa iliyosagika. Na kubwa kuliko yote, inapiga juu. "Mwanangu," aliniambia, "hii bunduki ina kichwa kigumu. Ukiilenga kwenye kifua cha ndege, inapita juu ya kichwa chake. Mimi nilishaizoea, nalenga miguuni, lakini wewe usije ukasema sikukwambia."

Nilimshukuru, nikaichukua na kasoro zake. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyoitambua, na jinsi nilivyogundua kwamba kila alichokitaja mzee kuwa ni kasoro ndicho kitambulisho chake cha kweli. Hakuna hata neno moja juu ya chuma chake linalosema ilitengenezwa kwa kazi gani, kwa hiyo umbo lake lenyewe ndilo lililobidi kuulizwa.

Kabla ya umbo, maandishi. Hapa Tabora kila chuma cha zamani ni cha Mjerumani: kengele ni ya Mjerumani, cherehani ni ya Mjerumani, na bunduki yoyote ambayo babu wa mtu aliwahi kuiona ukutani ni ya Mjerumani pia. Wako waliokwenda mbali zaidi wakaniambia kuwa hii iliachwa na Wabelgiji walipouteka mji huu mwezi Septemba 1916. Ni habari inayopendeza, nami ningefurahi iwe kweli, ila mtutu wenyewe unaikanusha. Niliupangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikaacha ukauke, kisha nikapitisha chaki ya shuleni juu ya maandishi na kufuta iliyozidi kwa kidole. Chaki ilibaki ndani ya mikato ya herufi, na maneno ambayo kwa miaka mingi yalionekana kama mikwaruzo yakasomeka waziwazi: Winchester, New Haven, Conn., kisha "MODEL 12", na mahali pengine "NICKEL STEEL".

Maneno hayo machache yanatosha kufunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Bunduki hii ilibuniwa na Thomas Crossley Johnson, mhandisi wa kampuni ya Winchester ya Marekani, na ilianza kuuzwa mwaka 1912 kwa geji 20 peke yake, geji ikiwa ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Geji 12, kama hii yangu, ikafuata muda mfupi baadaye. Mwanzoni ilipigwa chapa ya "MODEL 1912", na ni kuanzia mwaka 1919 ndipo jina likafupishwa kuwa "MODEL 12". Kwa hiyo mtutu unaosema "MODEL 12" haukuwepo duniani Wajerumani walipokuwa wanafungasha mizigo yao Tabora, wala Wabelgiji walipokuwa wanaingia. Kwa upande wa pili, chuma chenye nikeli kiliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni ilipohamia kwenye chuma kingine ilichokiita "Proof Steel". Bunduki yangu basi imesimama kati ya nguzo hizo mbili: haikutangulia 1919 na haikuvuka sana 1930. Namba yake ya usajili, ambayo sitaiandika hapa kwa sababu zinazoeleweka, ina tarakimu sita, na hilo linakubaliana na mengine, maana bunduki ya milioni moja ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1943.

Namba hiyo yenyewe ilinipa furaha ya pekee. Model 12 hufunguka vipande viwili bila kuhitaji bisibisi: unasukuma pini iliyo karibu na mwisho wa bomba la risasi, unalizungusha na kulivuta mbele, kisha unauzungusha mtutu robo mzunguko nao unatoka. Namba hupigwa mahali pawili, chini ya mwili wa bunduki upande wa mbele na kwenye pete ya mtutu inayokutana nao, hivi kwamba bunduki ikiwa imefungwa unaziona zikitazamana. Zangu zinalingana. Katika silaha iliyokaa karibu karne moja, na iliyopita mikononi mwa watu ambao hakuna anayewakumbuka wote, kukuta mtutu na mwili ambavyo ni vya bunduki moja tangu mwanzo ni jambo la kushukuriwa, kwa kuwa mitutu ya Model 12 ilikuwa rahisi kubadilishana na wengi walibadilishana.

Chapa nyingine zilizonishughulisha ziko karibu na shina la mtutu. Moja ni duara la yai lenye herufi W na P zilizopandana, alama ya Winchester ya kuthibitisha kuwa mtutu umejaribiwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida. Pembeni yake kuna kundi la alama zisizo za Kimarekani hata kidogo: taji dogo lenye herufi BNP chini yake na, kwa herufi nyembamba, maneno "NOT ENGLISH MAKE". Alama ya BNP ni ya nyumba ya majaribio ya silaha ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la Uingereza mwaka 1813, na maneno yale yalikuwa yakipigwa kwenye silaha za kigeni zilizopitia huko kati ya miaka ya 1920 na ya 1950, kwa sababu sheria ya Uingereza hairuhusu mtutu kuuzwa nchini humo bila kujaribiwa. Tayari nina njia iliyopita: New Haven, Uingereza, kisha Tanganyika. Mzee anakumbuka tu kwamba aliipata kihalali kwa mzungu aliyekuwa anaondoka, na kwamba ilikuwa ndani ya sanduku la ngozi ambalo mchwa walilimaliza zamani.

Hadi hapo nilikuwa nimejua ni Winchester ya wakati gani. Lakini kati ya mwaka 1912 na 1964, kampuni iliposimamisha uzalishaji wake wa kawaida kwa sababu vipande vyake vilichongwa kutoka chuma kizima na gharama ya mafundi ikawa haibebeki, zilitengenezwa Model 12 zinazokaribia milioni 2. Nyingi zilikuwa bunduki za wawindaji wa bata na wakulima. Swali lililobaki ni kwa nini hii ya kwangu ina tabia za ajabu.

Jibu la kwanza liko juu ya mtutu. Bunduki ya kawaida ya aina hii ina mtutu mtupu, mviringo, wenye kishanga kimoja cha kulengea mdomoni. Hii ina utepe wa chuma uliobebwa juu ya nguzo fupi, ukiacha nafasi ambayo unaweza kuchungulia mwanga upande wa pili, na juu ya utepe huo kuna vishanga viwili, kimoja mdomoni na kingine kidogo zaidi katikati. Kazi ya nafasi hizo ni kupitisha hewa. Mtutu unaofyatua risasi nyingi mfululizo hupata moto, hewa iliyo juu yake huanza kutetemeka, na jicho la mlengaji huona kitu kinachoyumba ambacho kwa kweli hakiyumbi. Utepe ulioinuliwa hupoa haraka na kulitenga jicho na tetemeko hilo. Mwindaji wa kanga hapigi risasi nyingi kiasi hicho. Mtu aliyelipia utepe kama huu alikusudia kufyatua asubuhi hadi jioni.

Kwanza, hata hivyo, nilitaka kujua kama utepe huo ni wa kiwandani, kwa kuwa mafundi wengi wa Marekani, na hasa karakana ya Simmons ya Kansas City, walikuwa wakiufunga juu ya mitutu iliyozaliwa bila utepe. Njia ya kutofautisha ni nzuri kwa urahisi wake. Kwenye mtutu mtupu, Winchester walipiga alama yao ya WP juu kabisa, katikati. Kwenye mtutu uliokusudiwa kuwekewa utepe tangu mwanzo, alama hiyo ilisogezwa pembeni, maana katikati pangefunikwa. Yangu iko pembeni, upande wa kushoto, na ubavuni mwa utepe hakuna jina la karakana yoyote.

Jibu la pili liko mdomoni. Niliipeleka, ikiwa tupu na imefunguliwa, kwa fundi mitambo mmoja mwenye vernia kalipa ambayo huificha asiazimwe na vijana wa gereji. Ndani ya mtutu tulipima milimita 18.5 hivi, kipenyo cha kawaida cha geji 12. Mdomoni, milimita 17.6. Tofauti hiyo ya takriban milimita 1, ambayo kwa macho haionekani, ndiyo mbano kamili: marisau hubanwa katika sentimita chache za mwisho yakatoka yameshikana, na yakifika umbali wa mita 36 na nusu, kiasi cha asilimia 70 yake bado huangukia ndani ya duara lenye upana wa sentimita 76. Kwa kanga aliye mita kumi au kumi na tano mbele yako, kundi hilo bado halijapata nafasi ya kutawanyika, na hapo mzee alikuwa sahihi kabisa kuhusu manyoya na mifupa. Urefu wa mtutu nao, inchi 30, yaani sentimita 76, ulizidisha uzito mbele, ukaifanya bunduki iwe nzito kuanza kuzunguka na ngumu kusimama ghafla ikishaanza.

Yote haya hayana maana mpaka ujue mchezo ambao bunduki hii ilitengenezewa, yaani kupiga visahani vinavyorushwa hewani, au "trap" kwa Kiingereza, ambao kwetu huku hauchezwi na ambao watu wengi wanaujua kwa kuuona tu katika Olimpiki. Mlengaji husimama bila kutembea anapofyatua, na mbele yake, kiasi cha mita 14.6 kwa kanuni za Marekani, kuna kibanda kilichozama ardhini ambamo mashine hurusha kisahani chenye upana wa milimita 108. Kisahani kinaondoka kwa kasi inayokaribia kilomita 68 kwa saa, kikimwacha mlengaji nyuma, kwa pembe ambayo yeye hakuijua kabla, na daima kikiwa kinapanda. Raundi moja ni visahani 25, na mashindano ya siku moja yanaweza kuwa raundi nne au nane. Asili yake ilikuwa njiwa hai walioachiwa kutoka kwenye visanduku. Baadaye, katika karne ya 19, Wamarekani wakatumia mipira ya kioo, na bingwa Adam Bogardus akajipatia hataza ya mashine ya kuirusha mwaka 1877. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akaleta kisahani cha udongo kilichoruka kwa kuelea hewani badala ya kurushwa kama jiwe. Visahani vyake vya kwanza vilichomwa vikawa vigumu mno, vikipigwa vililia bila kuvunjika. Vya leo ni vya unga wa chokaa na lami. Waingereza walipiga marufuku kuwapiga njiwa wa kufungiwa mwaka 1921, na mimi siwezi kujizuia kufikiri kwamba soko la bunduki kama hii kule Birmingham lilinufaika na sheria hiyo.

Sasa zirudie kasoro za mzee moja moja. Uzito wa kilo zinazokaribia 3.6 ni taabu kwa mtu anayetembea kutwa, lakini kwa mtu anayesimama akifyatua mamia ya risasi zenye gramu 32 za marisau, kila kilo inayoongezeka inapunguza teke linalofika begani. Urefu na uzito wa mbele vinaufanya mtutu uendelee kufuata kisahani kwa utulivu badala ya kurukaruka. Mbano mkali unahitajika kwa kuwa hadi mlengaji aone, azungushe na kufyatua, kisahani kimeshafika mita thelathini au zaidi. Kuhusu kupiga juu, kisahani kinapanda, na bunduki inayopiga pale pale ilipolengwa ingemlazimu mlengaji akifunike kisahani kwa mtutu wake ili risasi ifike mahali kitakapokuwa. Akikifunika, hakioni tena. Kwa hiyo watengenezaji waliinua mgongo wa kitako, jicho likakaa juu zaidi, na mtutu ukatazama juu kidogo kuliko mstari wa macho. Mlengaji hukiona kisahani kikiwa kimekaa wazi juu ya kishanga, anafyatua, na marisau yanakwenda kukikuta.

Nilipenda kuliona jambo hili badala ya kulisoma tu. Katika uwanja wa shabaha tulioruhusiwa kuutumia, chini ya macho ya askari msimamizi, tulipasua mifuko mitupu ya saruji tukaitandaza juu ya ubao kwa upande wake msafi, tukachora nukta nyeusi katikati. Nilipima hatua, nikasimama, nikashusha pumzi, nikalenga nukta ile vishanga viwili vikiwa vimepandana kimoja juu ya kingine. Karatasi ya kwanza ilionyesha wingu la matundu ambalo kitovu chake kilikuwa juu ya nukta kwa upana wa kiganja na zaidi kidogo. Chini ya nukta yalikuwa machache tu. Askari alifikiri nimekosea. Karatasi zilizofuata zilionyesha vilevile, na wakati huo nilikuwa tayari nimekubali kuwa mzee, kwa kulenga miguuni miaka yote hiyo, alikuwa akifanya hesabu iliyo sahihi bila kuambiwa na mtu sababu yake.

Kitako ni cha mti wa jozi. Seremala mmoja wa mjini, aliyezoea mninga tangu utoto, alikigusa akasema mti huu ni wa baridi na vinyweleo vyake vimebana zaidi, kisha akauliza kama ningependa kuupiga msasa na vanishi mpya. Nilikataa. Mtu fulani alishaupaka vanishi ya samani zamani, nayo imejaa ndani ya mistari ile midogo inayokatana ya kushikia, lakini msasa ungeondoa pia kingo ambazo fundi wa New Haven alizichonga kwa mkono, na kingo hizo zikishaondoka hazirudi. Ninaitoa vanishi polepole kwa kitambaa na mswaki laini, sehemu ndogo ndogo, kisha ninapaka mafuta ya kitani na nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ambayo kwa mtu wa Tabora haina gharama ya kutajika. Rangi ya samawati nyeusi ya chuma imefifia pale mkono unapobeba bunduki, na nimeamua ibaki imefifia. Wako wanaopenda silaha ya zamani ing'ae kama mpya. Mimi naona kuipaka upya rangi ni kufuta nusu ya habari zake.

Kuhusu mtambo, nitasema mambo mawili. Mpini wa mbele, ule unaovutwa nyuma kutoa ganda na kusukumwa mbele kuingiza risasi, unakwenda na kurudi kwa ulaini wa droo iliyofungwa na fundi asiye na haraka, na hilo halitokani na uchakavu bali na chuma kilichosuguliwa kabla ya kufungwa. La pili ni la tahadhari. Model 12 haina kifaa cha kukitenga kifyatulio komeo linapofunga: ukikibana na kukishikilia, kisha ukausukuma mpini mbele, bunduki italia mara tu komeo linapofunga. Ninawaeleza hilo watu wote wanaoomba kuishika, hata kama ni tupu, na ninawaonyesha chemba kwanza. Asiyekuwa na subira ya kusikiliza simpi.

Rafiki yangu mmoja, mwindaji mwenye leseni anayejua pori la Ugalla kuliko ninavyojua mtaa wangu, amenisihi zaidi ya mara moja niukate mtutu ili upungue urefu na kutawanya marisau vizuri, na hata fundi wa kuukata amenitafutia. Nimemweleza kwamba kuukata mtutu si jambo la mtu kujiamulia na fundi wa mtaani, kwa kuwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 ipo na polisi wana maelezo ya silaha hii kama ilivyo. Na kwamba, sheria au pasipo sheria, mbano wote umo katika sentimita zile chache za mwisho, hivyo msumeno ukipita tutabaki na bomba tupu lenye utepe wa gharama juu yake. Alinisikiliza, akaipima tena begani mwake, akalenga tawi la mwembe, akasema kwamba kitako hiki kinamfanya aone anga tupu. Nikamwambia ndivyo kilivyokusudiwa, na kwamba kwa ajili ya kanga wake atafute mtutu wa inchi 26 wenye mdomo usiobanwa.